Kwani meli za abiria za Port Bell zilienda wapi?

Mtoto_wa_Luzira:
Wakubwa habari zenu. Juzi nilishuka Port Bell, bandari ya hapa Kampala, kumsindikiza jirani mwenye mzigo, nikaona reli inateremka mpaka ukingoni mwa maji halafu basi, imeishia hapo, nikamkumbuka marehemu babu alivyokuwa anatuambia alipanda meli hapo hapo akaenda Bukoba, analala humo humo, asubuhi anapewa chai kwa kikombe cha bati. Leo ukitaka Bukoba ni basi na foleni ya mpakani Mutukula. Hiyo kampuni ilikuwa ya nani na mbona sasa pale ni mizigo tu? Niliuliza boda wa stejini akacheka, eti meli gani.

Mzee_wa_Mabehewa:
Babu hakukudanganya kijana. Zilikuwa za East African Railways and Harbours, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika lililoanza 1948, reli, bandari na meli vyote mfuko mmoja. Kama ni miaka ya 60 basi nadhani alipanda Victoria, ile ilianza kazi 1961, ilijengwa Scotland ikaletwa vipande vipande ikaungwa Kisumu, kazi yake kulizunguka ziwa, Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa 1977 na hapo ikawa kama ndugu wanagombania vyombo vya marehemu, Victoria ikabaki Tanzania, na zile meli mbili za kubeba mabehewa Uhuru ikaenda Kenya, Umoja ikaenda Tanzania (jina lenyewe Umoja, cheka kidogo). Sisi Uganda hatukupata behewa hata moja la kuelea, ndiyo maana miaka ya 80 serikali ikaagiza tatu Ubelgiji: Kabalega, Pamba na Kaawa.

Nnyabo_Kalangala:
Abiria tupo jamani msituzike! Ila sisi tunapandia Nakiwogo pale Entebbe siyo Port Bell. MV Kalangala inaenda Lutoboka, visiwa vya Ssese, kama masaa matatu na nusu hivi, magari chini watu juu, na ukichelewa pale kwenye mstari wa magari utabaki unaiangalia inaondoka na kuku wako kwenye boksi, mimi yamenikuta. Njia nyingine ni Bukakata kwenda Luuku, ile feri hulipi kitu.

Mtoto_wa_Luzira:
Asante nnyabo, pole na kuku 😂 Mzee sasa hizo za Ubelgiji kwa nini hazikubeba watu?

Mzee_wa_Mabehewa:
Kwa sababu ile siyo meli ya watu, ni kipande cha reli kinachoelea. Nilikuwa wakala wa forodha pale, nimeziona sana. Inasogea kinyumenyume mpaka daraja la gatini lishikane nayo, reli ya nchi kavu inakutana na reli iliyolazwa sakafuni mwa meli, injini inasukuma mabehewa taratibu, huku na huku, maana ukijaza upande mmoja inalala. Halafu vijana wanapita na minyororo kufunga kila behewa, ukisimama karibu masikio yanalia mpaka jioni. Faida yake mzigo haushushwi, behewa lililopakiwa Dar linafika Mwanza, linavuka maji, linaburutwa mpaka Kampala likiwa na lakiri yake, na mpaka wa Kenya pale Malaba hujaugusa. Sasa abiria utamweka wapi, juu ya mbolea?

Kaka_Jinja:
Mzee kweli lakini msisingizie 1977 peke yake. Treni kutoka Kenya ilifika Kampala moja kwa moja 1931, kabla ya hapo ni Kisumu halafu meli, utake usitake. Baada ya hapo barabara nazo zikaja, msafiri akawa na njia nyingine. Na MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza Mei 1996, mama yangu aliapa hapandi meli tena na hakupanda.

Mzee_wa_Mabehewa:
Hilo nakubali. Na zetu zenyewe hazikudumu, Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama, Kaawa ikarudi imeumia. Mbili za kampuni moja, ziwa lote lile!

Mtoto_wa_Luzira:
Duh. Nnyabo, hiyo ya Nakiwogo inaondoka saa ngapi? Nataka nimpeleke mama aone maji kidogo.

Nnyabo_Kalangala:
Kwa kawaida saa nane mchana, ila we fika mapema. Na kuku usibebe.