Ametulia miezi minane, ndugu wanasema amepona aache lithiamu. Naombeni ushauri

Ngazi Tatu:
Wakuu, salaam. Mdogo wangu wa kiume ana bipola, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apande na kushuka kupita kiasi, na anatumia dawa ya lithiamu. Huu ni mwezi wa nane ametulia: analala vizuri, kazini anafika. Ndugu sasa wanamtaka aache dawa. Mmoja anasema itamuua figo, mwingine anasema tangu mwanzo ilikuwa jeuri tu, wa tatu anasema lilikuwa pepo na limeshatoka. Mwenyewe naye ameanza kusitasita. Je, mtu akitulia kiasi hiki anaweza kuacha? Hilo la figo lina ukweli gani? Na tutajuaje mapema kwamba ugonjwa unarudi, kabla mambo hayajaharibika?

Mizani:
Pole mkuu, na umefanya vyema kuuliza kabla dawa haijakatwa. Utulivu huo ndiyo kazi ya dawa. Aliye chini ya paa halowi, lakini hilo halimwambii kama mvua imekatika.

Bipola ni ugonjwa wa kurudi. Lithiamu haiung'oi, inauzuia. Ikikatwa ghafla, hatari ya mania, yaani kile kipindi cha kupanda kupita kiasi, kurudi inapanda sana katika miezi michache ya mwanzo, kisha watu wanasema ugonjwa umekuwa sugu, kumbe tatizo ni namna dawa ilivyokatwa. Ikiwepo sababu ya kweli ya kuacha, daktari wa magonjwa ya akili hupunguza dozi polepole kwa muda usiopungua wiki 4, ikiwezekana miezi 3, na uangalizi huendelea miezi mingine 3 baada ya kidonge cha mwisho.

La figo lisidharauliwe. Ndugu huyo ana hoja, ila jibu lake si kuacha dawa, ni kupima. Lithiamu ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza nguvu ya figo na kulegeza tezi ya thairoidi iliyopo shingoni. Ndiyo maana figo, thairoidi na kalsiamu hupimwa kila baada ya miezi 6. Kiwango cha lithiamu yenyewe kwenye damu hupimwa wiki moja baada ya kuanza na baada ya kila badiliko la dozi, halafu kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Kwa anayeendelea na matibabu hulengwa zaidi milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Ikivuka 1.5, sumu inakaribia, na wengine huonyesha dalili hata chini ya hapo.

Sasa hapa ndipo wengi wanakosea. Damu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Akimeza saa 3 usiku, atolewe damu saa 3 asubuhi, na kama ana dozi ya asubuhi, aimeze baada ya kutolewa damu. Akiimeza kabla, namba inatoka juu kuliko hali halisi, daktari anapunguza dozi isiyohitaji kupunguzwa, na mgonjwa anaumwa upya bila mtu kujua kosa lilianzia wapi. Kosa jingine liko maabara: kuna chupa za damu zenye heparini ya lithiamu ndani yake, kitu cha kuzuia damu isigande. Hizo haziwezi kutumika kwa kipimo hiki, zitapandisha majibu. Mwambieni anayetoa damu kwamba kinachopimwa ni lithiamu, asisubiri kusoma kwenye fomu.

Zamu ya Usiku:
Naongezea hapo kwa Mizani. Lithiamu ni chumvi, na figo haziitofautishi vizuri na sodiamu. Mwili ukipungukiwa maji au chumvi, figo zinaing'ang'ania lithiamu na kiwango kinapanda hata kama dozi haijabadilika. Kwa hiyo kuhara, kutapika, homa kali, kutokwa jasho jingi na kufunga bila kunywa maji, vyote ni hatari. Asipunguze chumvi ghafla kwenye chakula, na asiongeze ghafla pia.

Dawa zinazopandisha lithiamu ambazo watu huzimeza bila wasiwasi: ibuprofeni, diklofenaki, baadhi ya dawa za presha, na vidonge vya kukojoza vya kundi la thiazaidi. Kwa maumivu ya kawaida atumie parasetamoli.

Kutetemeka kidogo vidole ni kawaida. Kutetemeka mikono kwa nguvu, kutapika au kuhara, kuyumba kama aliyelewa, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa: hapo msimpe dozi inayofuata, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo akapimwe damu. Na akisahau dozi, asimeze mbili kufidia.

Ngazi Tatu:
Mungu wangu. Ana maumivu ya mgongo na huwa anatumia diklofenaki karibu kila siku. Aiache leo?

Zamu ya Usiku:
Mpigieni daktari wake leo, kabla hajaamua lolote mwenyewe. Kama dozi ya lithiamu ilipangwa wakati tayari anatumia diklofenaki, akiiacha kiwango kinaweza kushuka chini ya kinachomlinda. Kama aliianza baadaye, kiwango huenda kiko juu kuliko mnavyodhani. Vyovyote iwavyo anahitaji kupimwa. Akiwa na dalili hizo nilizotaja, msisubiri simu.

Msema Chake:
Mimi naona tunakuza mambo. Kila binadamu anapanda na kushuka. Leo furaha, kesho huzuni. Kijana apewe majukumu atakaa sawa.

Bi Tulivu:
Ndugu Msema Chake, naelewa kwa nini inaonekana hivyo, na wengi wanafikiri kama wewe. Lakini anayecheka asubuhi na kununa jioni hana bipola kwa sababu hiyo. Mania hutambuliwa hali ikidumu angalau siku 7, au ikiwa kali hadi mtu alazwe. Mania nyepesi ni angalau siku 4, na sonona angalau wiki 2, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Wala bipola si watu wawili ndani ya mwili mmoja, hilo ni jambo lingine kabisa.

Alama inayotenganisha vizuri ni usingizi. Mwenye mawazo anatamani kulala akakosa, na asubuhi amechoka. Anayeingia mania analala kwa muda wa saa 3 tu na anaamka na nguvu, haoni kama kuna kilichopungua. Wengine wanasema "siku hizi kachangamka", wanafurahi naye. Hapo ndipo ugonjwa unapopita bila kuzuiwa, kwa sababu mwanzoni unafanana na afya njema.

Majukumu ni mazuri. Lakini hayazuii mania, na kwa aliye katika sonona yanaweza kuwa fimbo ya kumchapia. Na kuhusu dawa, lithiamu si jaribio jipya. Daktari John Cade wa Australia alichapisha mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wa mania.

Anayeamini ni pepo, msigombane naye. Maombi na vidonge havipigani. Mwambieni aombe, na asiguse dozi.

Mizani:
Ngazi Tatu, swali lako la dalili za mapema: andikeni mpango sasa akiwa mzima, kwa maneno yake yeye. Ukurasa mmoja unatosha. Kila mtu ana dalili zake, na mara nyingi zinajirudia zile zile: huyu anatuma ujumbe saa 8 usiku, yule anaanza biashara tatu kwa wiki moja, mwingine anakuwa mwepesi wa kukasirika wala hana furaha yoyote. Kumbukeni vipindi vilivyopita, mziandike kwa mpangilio zilivyoanza.

Kila asubuhi aandike saa alizolala na hali yake kuanzia −3 (chini kabisa) hadi +3 (juu kabisa). Wekeni mstari: kwa mfano, akilala kwa muda usiofika saa 5 usiku miwili mfululizo bila uchovu, daktari anapigiwa, hakuna mjadala. Kwenye ukurasa huo huo atajwe mtu mmoja anayeruhusiwa kumwambia "naona dalili", maana wakisema kumi anasikia mashambulizi. Awekwe pia mtu atakayeshika kadi ya benki kwa muda, kwa ridhaa aliyoitoa akiwa timamu. Madeni ya wiki moja ya mania hulipwa miaka.

Akipanda, msibishane na mawazo yake. Sentensi fupi, sauti ya chini, taa na wageni vipunguzwe.

Akishuka, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali. Vidonge vifungiwe na apewe vya siku chache, kwa kuwa lithiamu nyingi kwa mkupuo inaua. Na popote atakapotibiwa sonona aseme ana bipola: dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kumrusha moja kwa moja kwenye mania.

Ngazi Tatu:
Nimeelewa. Na kikao cha ndugu Jumapili nikaseme nini?

Bi Tulivu:
Muulize kwanza yeye anataka kipi kisemwe, ugonjwa ni wake. Akikubali, nendeni na majibu ya figo na daftari la usingizi, mumwachie aseme mwenyewe. Msitumie neno kichaa hata kwa kukanusha. Kisha kila ndugu apewe kazi: anayehofia figo ndiye akumbushe tarehe za vipimo.

Ngazi Tatu:
Asanteni sana. Daktari kapatikana, diklofenaki tutaijadili baada ya majibu. Nimeangalia pia kipimo cha mwisho: alitolewa damu saa 4 asubuhi, na dozi alimeza saa 1. Tunarudia kesho, na vidonge vya asubuhi atavibeba mfukoni.