Naomba ushauri: saruji kwenye jiwe la kaburi la zamani, Namirembe

Habari zenu wakuu. Makaburi ya Namirembe, Kampala, walikozikwa Dk. Albert Cook, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo (1897), na mkewe Katharine, mnayajua. Tatizo langu ni jiwe la marumaru la ukoo mwingine wa zamani. Herufi zimefunikwa na ukoga mweusi, na fundi fulani aliziba nyufa kwa saruji. Saruji ni ngumu mno kwa jiwe lililochakaa na inafungia unyevu, sasa kingo zinamegeka kama biskuti. Nimesugua kwa maji matupu na brashi ya nailoni, chini kwenda juu. Ukoga umelegea nusu tu. Jiki na brashi ya waya sithubutu.

Je, saruji hiyo niitoe kwa patasi au niiache? Na chokaa ya kuloweka (iliyozimwa kwa maji), ya kuziba nyufa badala ya saruji, nichanganye na mchanga 1 kwa 3, inapatikana wapi Kampala?