Tupeane uzoefu: siku mekapu ilipokuumbua na madoa yako

Binti Kimara
Wakuu, habari za jioni. Leo asubuhi kwenye mwendokasi kuna dada kasimama mbele yangu, mkono mmoja kashika bomba, mwingine anajitandazia konsila, ile krimu ya kufichia madoa, kidevuni bila kioo. Breki moja pale Ubungo, konsila ikaishia sikioni. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilijiona mwenyewe. Miaka saba naamka saa kumi na moja kuficha madoa ya chunusi za kidato cha tatu.

Aibu yangu kubwa ilikuwa mahafali. Nilimalizia na ile poda nyeupe laini. Kwenye kioo nimependeza, nikatoka kifua mbele. Mwanga wa kamera ulipopiga, uso ukatoka mweupe kama nimetoka kupepeta unga, shingo ileile ya Kimara. Mama kaitundika sebuleni hadi leo. Haya, mwenye lake alete.

Mama Junior Tabata
Hiyo picha tunayo wengi, dada.

Fundi Spana
Si muoge tu na sabuni mwache uso upumue? Mnatutapeli sana nyie.

Kisamvu Bila Karanga
Fundi, wewe kapumue gereji.

Wengine kosa mnalofanya ni kupaka konsila ya rangi ya ngozi moja kwa moja juu ya doa jeusi. Lazima itoke kijivu. Tanguliza rangi ya chungwa. Sikuwa na hela ya ile maalumu, nikatumia lipustiki ya chungwa, kiasi cha punje ya mchele, nagongagonga kwa kidole, ikitulia ndipo fandesheni. Na mkiwa dukani rangi mjaribie kwenye taya, halafu mtoke nje mwangalie juani. Mkono na uso havifanani.

Shemeji wa Mbezi
Hiyo ya lipustiki nilijaribu nikazidisha. Nikaingia ofisini kama niliyekula embe dodo bila kunawa.

Mke wa Mangi
Nilikuwa nasoma kimyakimya, ila hilo la kuamka saa kumi na moja limenitonesha.

Langu si chunusi. Nimezaliwa na baka la kijivu linaloelekea bluu, limezunguka jicho la kushoto likashuka shavuni, hata weupe wa jicho umeingia wingu. Chuoni nikajifunza kulificha, na nililificha hasa, mume wangu alikuja kuliona baada ya miezi minane. Hakuwa na neno. Ila ukweni hakuna aliyelijua. Kila Desemba tukipanda Rombo nalala na mekapu, naamka na mekapu.

Mwaka juzi baba mkwe akafariki. Msiba wa kijijini mnaujua, wanawake wote chini sebuleni tumebanana kama dagaa. Siku mbili za kwanza niliamka kabla ya jogoo, natoka na tochi ya simu hadi nyuma ya banda la ng'ombe, najipaka kwa kubahatisha. Siku ya kuzika nikalia. Yule mzee alinipenda jamani, mkungu wa kwanza kukatwa ulikuwa wangu. Nililia, nikajifuta na khanga, nikanawa, nikasahau kabisa kwamba nina uso wa kuficha.

Ngoja nichomeke simu, inazima.

Mama Junior Tabata
Mke wa Mangi usitufanyie hivyo!!

Mzee wa Busara Tu
Msibani na mekapu? Mila zimekufa. Marehemu kalala ndani, mtu yuko bandani anajiremba.

Kisamvu Bila Karanga
Mzee, soma ulichoandikiwa. Kuremba na kuficha ni vitu viwili. Wewe mvi unapaka piko za nini?

Mzee wa Busara Tu
Piko ni heshima.

Shoga wa Mchambawima
Mie natokea Unguja, kwetu tabu ni udhu. Maji lazima yafike kwenye ngozi, na hizo fandesheni nzito haziyapitishi. Natia udhu kwanza ndio najipaka, ukinitoka basi naosha uso mzima naanza upya. Siku ya harusi ya mdogo wangu nimejipaka mara tatu. Bibi yangu kaniambia niache yote hayo, nipake liwa. Nimepaka liwa miezi minne, nanukia vizuri, madoa yapo palepale.

Tunda la Mwisho
Mimi wepesi uliniponza. Nilipewa krimu ya kuchanganya dukani, haina hata lebo, siku tano uso ukawa kama wa mtoto. Nilipoacha, chunusi zikarudi na ndugu zao wote. Sendofu yangu ndiyo ikaangukia hapo. Mpambaji akanikalisha saa tatu, mwisho akaniambia ukweli: rangi naweza kuficha, mwinuko siwezi. Taa ya video ikipiga kwa pembeni, kila kipele kina kivuli chake.

Dawa Baridi
Hizo huchanganywa na steroidi kali, ndiyo maana zinaponya haraka na kuadhibu ukiacha. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha ngozi, na zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, kwa hiyo angalia kifungashio. Hakina jina la mtengenezaji, kiache.

Shemeji wa Mbezi
Tunda, jina la duka tafadhali. Naulizia rafiki yangu.

Mke wa Mangi
Nimerudi. Jioni ile naona wifi mkubwa ananitazama, anageukia ukutani. Shangazi wa mume akanivuta jikoni, akanishika kidevu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ameanza lini?" Mimi nikasikia "imeanza lini", nikajua ni baka. Nikajibu, "Zamani sana shangazi, nimeshazoea."

Mungu wangu. Yule mama alikaa kwenye kigoda akaanza kulia upya.

Saa mbili usiku mume wangu akaitwa migombani na baba zake wadogo. Udongo wa baba yake haujakauka, anaambiwa ukoo huu haukuzaa mpiga wanawake. Akijitetea, wanamwona jeuri. Nikaitwa mimi, nikasema ni baka la kuzaliwa. Mmoja akajibu kwamba wote wanaopigwa husema wameanguka bafuni. Ikabidi apigiwe mama yangu, spika imewekwa juu, aape usiku ule mbele ya wazee. Hata hapo walikuwa bado wanabishana. Aliyemaliza ni mama mkwe: kachukua kitambaa chenye maji, kanisugua taratibu, kaona rangi haitoki na wala sishtuki. Akasema, "Mwacheni mwanangu akalale."

Daktari wa ngozi niliyekwenda kumwona baadaye alisema halina madhara kwenye shavu, ila nipime presha ya macho kila mwaka, maana baka la aina hii likiingia jichoni linaweza kuileta. Miaka yote nahangaika na konsila, jicho lenyewe sijawahi kulipima.

Binti Kimara
"Nimeshazoea"!!! Nimecheka, halafu nikalia. Bado unajipaka?

Mke wa Mangi
Kazini ndiyo, sitaki maswali ya wateja. Rombo, hapana.

Dawa Baridi
Walio Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na ndipo yanapotengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ndugu zetu wenye ualbino. Na nyie wa madoa, mafuta ya jua ni kila siku. Doa likipigwa jua linazidi kukolea, utanunua konsila maisha yako yote.

Mzee wa Busara Tu
Sisi weusi jua halituhusu.

Dawa Baridi
Mzee, jua halikuulizi kabila.

Fundi Spana
Sawa, nikiri. Nina makovu ya ndevu kidevuni. Siku ya kujitambulisha ukweni nilichukua konsila ya dada yangu, shati jeupe, jua la saa saba Chanika. Hadi naketi, kola yote imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama mkwe mtarajiwa akauliza kama nimepitia kwa mwanamke mwingine.

Kisamvu Bila Karanga
Eti nani anatapeli?

Fundi Spana
Posa walipokea. Tuendelee na mada.

Dada wa Tegeta
Nimechelewa, samahanini. Hiyo lipustiki ya chungwa Kariakoo inauzwa mtaa gani?