Naomba ushauri: safu yetu ya ulinzi inavunjika kila mechi, nianzie wapi kuwajenga mabeki hawa?

Kocha wa Mtaa, Makorora – Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu wapenda soka, na habari za jioni kwa wote.

Ninafundisha timu ya vijana wa mtaani hapa Tanga mjini, inayoshiriki ligi ya wilaya, na msimu huu tumekaa mkiani mwa msimamo. Mbele tunafunga, shida iko nyuma. Mabao tunayofungwa yanafanana mno: ama mpira mrefu unapita katikati ya mabeki wawili wa kati kwa sababu kila mmoja amemwachia mwenzake, ama winga wa wapinzani anaingia nyuma ya beki wetu wa kulia aliyepanda na kuchelewa kurudi, ama krosi inavuka vichwa vya watu wote na kumkuta mtu peke yake kwenye nguzo ya mbali.

Mabeki wangu wote wa pembeni walikuwa mawinga kabla ya kurudishwa nyuma. Kati ya wale wa kati, mmoja ni kibarua wa bandarini na mwingine yuko kidato cha nne. Tunafanya mazoezi kuanzia baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi, kwenye uwanja wa mchanga usio sawa, tukiwa na mipira michache na bila koni hata moja. Viongozi wa timu wananitaka niwaache hawa nitafute wengine, lakini mimi sitaki, kwa sababu ninaona wana kasi, wana moyo, na wakielekezwa wanasikiliza. Ninachokihitaji ni mpangilio wa mafunzo: kipi kitangulie, kipi kifuate, na kipi nikiache kwanza. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Beki Mstaafu, Ngamiani

Waaleikum salaam, mwalimu. Mimi nilicheza beki wa kati hapahapa Tanga, na katika maelezo yako sioni vijana wasio na uwezo. Ninaona vijana ambao hawajafundishwa nani aende kwenye mpira na nani abaki. Hilo ndilo litangulie, kabla ya vichwa na kabla ya mbio.

Chukua mabeki wawili na washambuliaji wawili, uwaweke katika eneo lenye upana wa hatua kumi na tano hivi. Kama koni hakuna, ndala na fulana zinatosha kuwa alama. Beki aliye karibu na mpira anamwendea mwenye mpira, na mwenzake anashuka nyuma yake kwa mshazari, hatua nne au tano, mahali ambapo anaweza kuuona mpira na mtu wake kwa wakati mmoja. Pasi ikienda kwa mshambuliaji wa pili, majukumu yanageuka papo hapo: aliyekuwa nyuma anatoka kukaba, na aliyekuwa mbele anashuka kumlinda. Mwanzoni fanyeni hivyo kwa kutembea, washambuliaji wakipasiana bila kumpita mtu, mpaka miguu ya mabeki izoee kugeuza majukumu bila kusubiri sauti yako. Makocha wengi wa mitaani wanaruka hatua hii kwa sababu haipendezi machoni, na matokeo yake ni hayo unayoyaona, mabeki wawili kutazamana mpira ukipita.

Baada ya hapo fundisha mwili. Anayemwendea mwenye mpira akimbie kwa kasi wakati mpira ungali njiani, kisha apunguze mwendo kabla ya kumfikia, akunje magoti, na asimame kiubavu, mguu mmoja ukiwa mbele, ili amsukumie mpinzani kwenye mstari wa pembeni ambako hana pa kwenda. Beki anayesimama kifua wazi na miguu sambamba hupigwa chenga upande wowote, na hata mpira ukipita katikati ya miguu yake hana namna ya kugeuka. Kuteleza chini kuwe njia ya mwisho kabisa, kwa kuwa beki aliyelala amejiondoa mwenyewe mchezoni, na kwenye boksi akimwangusha mpinzani ni penalti.

Usihuzunike kwamba mabeki wako wa pembeni walikuwa mawinga. Waulize walipokuwa mawinga walimchukia beki wa namna gani. Watakujibu kwamba walimchukia yule aliyekuwa na subira, asiyeruka ovyo, na wakishajibu hivyo watakuwa wameanza kujifundisha wenyewe.

Mwalimu wa Michezo, Muheza

Shikamoo mzee wangu wa Ngamiani, na pole kwa kazi kocha. Ninakubaliana na yaliyosemwa, na ninaongeza hatua inayofuata, ambayo ni wanne kusogea pamoja.

Tanga hatukosi kamba ya katani. Wapange mabeki wanne kwa mstari, wote waishike kamba moja, kila mmoja akiwa hatua nane hadi kumi kutoka kwa mwenzake, kisha wewe tembea na mpira mbele yao kutoka kulia kwenda kushoto. Mpira ukiwa kulia, beki wa kulia anatoka, wale wawili wa kati wanavutwa kulia, na beki wa kushoto anaingia ndani mpaka karibu na usawa wa nguzo ya mbali. Hapo ndipo dawa ya ile krosi yako ilipo, kwa maana beki wa upande usio na mpira akibaki kwenye mstari wake wa pembeni akimtazama winga, nguzo ya mbali haina mwenyewe. Kamba ikilegea au ikikaza kupita kiasi, kila mmoja anajua amekosea wapi bila kukaripiwa. Inasimuliwa kwamba George Graham alitumia kamba vivyo hivyo alipokuwa akiijenga Arsenal ya Dixon, Adams, Bould na Winterburn, na msimu wa 1990/91 timu hiyo ilichukua ubingwa wa Uingereza ikiwa imefungwa mabao 18 tu katika mechi 38. Arrigo Sacchi naye, kocha wa AC Milan iliyotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990, aliwafanyisha wachezaji wake mazoezi ya kusogea uwanjani bila mpira kabisa, akitaka umbali kati ya mtu wa nyuma na wa mbele usizidi takriban mita 25 hadi 30. Kwa hiyo uhaba wa mipira usikukatishe tamaa, kwa sababu somo hili halihitaji mpira zaidi ya mmoja.

Wakishajua kusogea pembeni, wafundishe kupanda na kushuka. Mwenye mpira akiwa huru na ameinua kichwa, safu nzima ishuke, kwa sababu pasi ndefu inakuja. Akiwa amebanwa, au amegeuka kutazama goli lake, au amepiga pasi ya kurudi nyuma, safu nzima ipande. Mtu mmoja tu atoe amri ya kupanda, naye awe beki wa kati mwenye sauti.

Tahadhari ni hii: kupanda pamoja kusigeuke kuwa mtego wa kuotea wa kila dakika. Kwenye viwanja vyetu mshika kibendera mara nyingi yuko mbali na mpira, na beki anayenyoosha mkono badala ya kukimbia ameshafungwa. Wakumbushe pia sheria yenyewe, kwamba mshambuliaji aliye sambamba na mtu wa pili kutoka mwisho hajaotea, na kwamba mpira wa kurusha, goli kiki na kona hazina kuotea. Nimeona mabao mengi ya mpira wa kurusha yakiingia huku mabeki wakidai kuotea ambako hakupo kisheria.

Mpenzi wa Soka, Pongwe

Kocha, kwa nini usiongeze beki wa kati wa tatu? Timu nyingi siku hizi zinacheza hivyo, na ungepata mtu wa kufagia nyuma ya hao wawili.

Kocha wa Wasichana, Raskazone

Ndugu yangu wa Pongwe, wazo lako lina nafasi yake, lakini kwa timu hii ningelisubirisha. Wawili wasiojua nani aende na nani abaki, ukiwaongeza wa tatu, wanaotazamana wanakuwa watatu. Tena mfumo huo unawataka mabeki wa pembeni wakimbie uwanja mzima kupanda na kushuka, na kocha ameshatuambia kwamba ugonjwa wa beki wake wa kulia ni kuchelewa kurudi.

Ningeanza na kiungo mkabaji. Mabeki wanaofungwa kila wiki mara nyingi wameachwa uchi na watu wa katikati, hasa mpira mrefu unapopigwa kichwa na kudondoka mbele ya boksi bila mtu wetu wa kuuokota. Kocha, huyo namba sita wako abaki mbele ya mabeki wawili wa kati, asifuate mpira kila unakokwenda, na kazi yake ya kwanza iwe kuwahi mpira wa pili, yaani huo unaodondoka baada ya kichwa. Ukilirekebisha hilo, nusu ya lawama wanazotupiwa mabeki itakosa pa kutua.

La pili ninalisema kwa uzito, kwa sababu ninaliona likiharibu vijana wengi: usiwabadilishe mabeki wa kati kila wanapofungwa. Maelewano ya wawili hujengwa kwa kucheza pamoja, wakajuana nani ni mwepesi, nani anapenda mguu gani, nani huchelewa kugeuka. Hapa nyumbani tuna mfano wetu. Bakari Mwamnyeto na Ibrahim Ame walikuwa mabeki wa Coastal Union, na mwaka 2020 wote wawili walichukuliwa na timu kubwa za Kariakoo, Mwamnyeto akaenda Yanga na Ame akaenda Simba. Vijana wako wanaijua njia ya uwanja wa Mkwakwani. Waambie kwamba beki wa Tanga hutazamwa, na mwenye kumtazama huangalia kama anajua kucheza na mwenzake.

Na huyo kijana wa bandarini, siku aliyobeba mizigo mchana usimpe mbio za nguvu jioni. Siku hiyo mpe kamba na maelekezo ya kutembea, atafaidika zaidi.

Golikipa Mstaafu, Chumbageni

Mmemsahau kipa. Yeye ndiye anayewaona wote wanne, kwa hiyo awe mdomo wa safu ya ulinzi. Kubalianeni maneno machache mafupi yasiyobadilika: “yangu” maana yake kipa anatoka na kila mtu ampishe, “ondoa” maana yake mpira upigwe mbali na pembeni, si katikati, “mtu” maana yake kuna mpinzani mgongoni mwako. Beki akinyamaza wakati wa mchezo, mtoe kwenye zoezi hilo kwa muda asimame nje atazame, kisha mrudishe.

Kwenye kona, golini pana upana wa mita 7.32, na vijana wafupi hawawezi kulifunika eneo lote kwa kukaba mtu kwa mtu. Mweke mmoja kwenye nguzo ya karibu, wawili wenye vichwa vizuri mbele ya kipa ndani ya boksi dogo wakilinda eneo, na wengine wakabe wapinzani warefu, mkono ukigusa bila kushika. Wakati wa kusi upepo hubadilisha mpira wa juu ukiwa hewani, kwa hiyo kabla ya mechi kipa na mabeki wa kati wapigiwe krosi kutoka pande zote mbili, ili wajue ni upande gani mpira unarefuka na upande gani unafupika.

Kocha wa Mtaa, Makorora – Tanga

Ninawashukuru sana, wazee wangu na dada yangu wa Raskazone. Kamba nitaipata, na zoezi la wawili kwa wawili nitaanza nalo wiki hii. Limebaki swali moja. Beki wangu wa kulia ndiye anayetupatia krosi nyingi za mabao. Nimkataze kupanda?

Beki Mstaafu, Ngamiani

Usimkataze, mwalimu, utamuua. Mpe masharti matatu. Asipande mpaka mpira uwe miguuni mwa mwenzetu aliyetulia, maana akitangulia mpira ukiwa bado unagombaniwa, ameacha mlango wazi. Akipanda yeye, beki wa kushoto abaki na aingie ndani, wawe watatu nyuma pamoja na wale wa kati, na namba sita asogee upande wa kulia kuziba nafasi. Na mpira ukipotea, asimkimbilie winga aliko. Akimbie moja kwa moja kuelekea nguzo ya karibu ya goli letu, kwa sababu njia hiyo ni fupi na atamkuta winga akija. Lifanyieni zoezi: mpira upotezwe kwa makusudi yeye akiwa juu, na wenzake wahesabu kwa sauti mpaka afike. Mkirudia hivyo wiki hadi wiki, yeye mwenyewe atajua ni hatua ngapi anaweza kupanda na bado akawahi kurudi.