Je, mwanafizikia anaweza kujenga taaluma juu ya viumbe visivyo na neva?

Muuliza swali
Wanajukwaa, heshima kwenu. Nipo mwaka wa tatu wa shahada ya fizikia, na kinachoninyima usingizi ni namna kiumbe kisicho na hata seli moja ya neva kinavyopokea taarifa na kuamua kiende wapi. Mwalimu wangu ananiambia kwamba hiyo ni kazi ya watu wa biolojia. Je, yupo mwanafizikia aliyeitolea umri wake?

Jibu la kwanza
Yupo, ndugu yangu. Howard Berg wa Marekani, aliyefariki mwaka 2021, alianzia kwenye atomu za haidrojeni kabla ya kuhamia kwa bakteria E. coli. Aliunda hadubini iliyomfuata bakteria mmoja kila alikokwenda, na mwaka 1972 yeye na Douglas Brown wakachapisha walichokiona: bakteria huogelea kwa takriban sekunde 1, hubingirika kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha hushika njia nyingine asiyoichagua. Chakula kikizidi mbele yake, huchelewa kubingirika, basi. Kwa kuwa urefu wake ni kama mikromita 2 tu, hupima si kwa kulinganisha kichwa na mkia, bali kwa kulinganisha sasa na sekunde chache zilizopita, na kumbukumbu hiyo imo katika protini za vipokezi vyake.

Mwambie mwalimu wako, kwa adabu, kwamba mwaka 1977 Berg na Edward Purcell, mshindi wa Nobeli ya fizikia, walikokotoa kikomo cha usahihi wa seli inayohesabu molekuli zinazoigonga ovyo ovyo. Hilo ni swali la fizikia tupu.

Jibu la pili
Naongeza Karen Alim wa Munich, Ujerumani, anayechunguza Physarum polycephalum, seli moja ya manjano inayotandaa kama wavu wa mirija. Mwaka 2021 yeye na Mirna Kramar walionyesha kwamba mirija iliyo karibu na chakula hunenepa, ya mbali husinyaa, na unene huo hubaki kuwa kumbukumbu ya mahali chakula kilipokuwa.

Muuliza swali
Nashukuruni sana. Je, hesabu ya mwaka 1977 inahitaji nini?

Jibu la kwanza
Mtawanyiko wa molekuli na takwimu, ambavyo mwaka wa tatu unavyo tayari. Anza na seli ya duara iliyotulia majini.