Huduma ya mkoba Nyarugusu: kina mama wanakuja na "kichwa" tu, nifanyeje?

nesi_mpya: Habari zenu wakuu. Nimeanza juzi kutoka na gari la huduma ya mkoba (kliniki inayowafuata watu walipo) huku kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Kigoma, kina mama wengi wametokea Fizi na Baraka kule Kongo, wamevuka ziwa na boti. Sasa kila anayekaa mbele yangu ni kichwa, kiuno, tumbo la chini, silali. Napima malaria hamna, mkojo safi, nampa panadol, wiki ijayo huyo karudi na kiuno chake kilekile. Naona kabisa kuna kitu moyoni ila nikiuliza "ulifanyiwa nini huko" anaangalia chini, anabeba mtoto wake anaondoka. Nakosea wapi?

mkunga_mstaafu: Hapohapo kwenye "ulifanyiwa nini" mwanangu. Muulize usingizi, watoto wamekula nini, anaishi na nani. Akitaka kusema atasema, asipotaka usimchimbe, kumlazimisha asimulie yote siku ya kwanza ni kumrudisha kulekule alikokimbia. Halafu nani anakutafsiria?

nesi_mpya: Shikamoo mama. Kuna kijana wa blok yao, maana wengine ni Kibembe kitupu.

mkunga_mstaafu: Marahaba. Ndo hilo sasa! Kijana ambaye jioni wanakutana bombani, atasema nini mbele yake? Tafuta mama mtu mzima wa blok nyingine.

daktari_wa_zamu: Mkunga kamaliza, mi naongezea la muda. Akikwambia amebakwa juzi (na sio Kongo tu, hata huku wanapofuata kuni porini yanatokea) maneno yawe machache, PEP (dawa za kuzuia VVU) ianze ndani ya saa 72, ikiwahi ndo bora, anameza siku 28. Kidonge cha kuzuia mimba mpaka siku 5. Na hii tabia ya "lete PF3 kwanza" (ile fomu ya polisi) muiache jamani, mtibu, karatasi itafuata, na polisi aende akitaka mwenyewe. Ukiona mwingine anakaa mbali na wenzie, kanga mbili mbili kiunoni, uliza taratibu kama mkojo unavuja. Inaweza kuwa fistula (tundu kati ya kibofu na uke), na si lazima awe amebakwa, hata uchungu wa siku mbili tatu njiani bila mkunga unaileta. Hiyo ni rufaa, kwenye gari hutibu.

mama_wa_baraka: Mimi niko humu kambini. Ile hema yenu imeandikwa ukatili wa kijinsia, nani ataingia watu wote wanaona? Wekeni chanjo ya watoto na uzazi wa mpango humohumo, foleni moja, mtu akiingia hakuna anayejua amefuata nini. Na mkisema Jumanne mje Jumanne, sio mtu anajikaza wiki nzima halafu gari halionekani.

nesi_mpya: Duh, kweli, hata gari letu limeandikwa kwa herufi nyekundu kubwa. Kesho namwambia dreva alifunike hata na turubai. Ila huyo mama wa kutafsiri tutamlipa na nini, bajeti haina fungu lake?

mkunga_mstaafu: Posho ya huyo kijana inaenda wapi?