Mjadala: Kaunti ya Lamu iwalazimishe wajenzi wa ufukweni kuweka sola na kuwajali kasa?

Mleta mada, Langoni

Tulipoupinga mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, hoja zetu zilikuwa bahari, mikoko na samaki. Juni 2019 jopo la taifa la kesi za mazingira likaifuta leseni. Tangu hapo swali la barazani ni lile lile: haya, makaa hamtaki, mwataka nini?

Mimi naona kaunti inacho chombo mkononi tayari, nacho ni kibali cha ujenzi. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 imeipa uwezo wa kuruhusu jengo au kulikataa, na Sheria ya Kawi ya mwaka huo huo inaitaka iwe na mpango wake wa kawi. Basi anayejenga hoteli au nyumba ya kukodisha wageni Shela au Manda, ramani isipitishwe mpaka ionyeshe sola, matundu ya ndege na popo kukaa, na taa zisizomulika pwani. Mwenye vyumba vyake viwili mtaa wa Kashmir hapa mjini aachwe alale. Na kaunti ianze na paa zake yenyewe: zahanati, madarasa ya chekechea, ofisi. Semeni.

Mkaazi wa Mkomani

Ami, Mji wa Kale umeuruka makusudi? Tokeni za stima twanunua sisi pia. Ila mtu akipandisha paneli moja tu, anaambiwa mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001, nenda kwanza Makavazi ya Taifa, wanaoulinda urithi huo. Sikatai urithi, ndio unaotulisha. Lakini paa zetu za kale ni tambarare na zina kuta pembeni. Paneli ikilazwa chini ya kimo cha ukuta, aliye kwenye jahazi haioni, wala apitaye njiani na punda wake. Kaunti na Makavazi wakae waandike kanuni moja kuhusu hilo, watu wasizungushwe.

Fundi, Wiyoni

Bibi wa Mkomani, kuonekana ni jambo dogo. Tazama uzito. Paa la kale ni mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti nyingine zimeshaliwa na mchwa, zimesimama kwa dua tu. Ukiongeza fremu, na upepo wa kusi ukaingia chini ya paneli, utakuja kuniita saa nane za usiku. Kwanza paa likaguliwe, na boriti mbovu zibadilishwe.

Juu ya makuti mimi siweki kabisa. Waya ukichubuka pale, mtaa mzima unakwenda. Na chuma cha kawaida kisitumike, chumvi ya hapa hukila upesi. Alumini ni ghali, lakini hudumu.

Mkata mikoko, Matondoni

Fundi asema boriti zibadilishwe. Zitatoka wapi? Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti, na sisi tukakaa bure, ilhali zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii na tumeikata tangu enzi za mababu. Leo tajiri anajenga jumba la vyumba kumi kwa mtindo wa Kiswahili, matumbawe, chokaa na boriti juu hadi chini, halafu asifiwe kwamba amejenga kirafiki kwa viumbe! Kaa na kamba wanazaliana kwenye mizizi ya mti ule ule. Kama kibali kitauliza habari za sola, kiulize pia boriti zimekatwa wapi, na kwa ruhusa ya nani.

Dada wa Shela

Hapo kaka wa Matondoni umesema. Nami nina langu kuhusu taa, kwa sababu mleta mada ameweka sola na kasa kwenye kapu moja kana kwamba hawagombani.

Kitoto cha kasa hutoka mchangani usiku na kufuata upande wenye mwanga. Pasipo taa, upande huo ni bahari. Penye taa kali kinageuka, kinaelekea bustani ya hoteli, na asubuhi ni chakula cha kunguru. Zamani mwenye nyumba alizima taa za nje kwa kuogopa bili. Siku hizi kuna zile taa za sola za kuchomeka ukutani, hazilipiwi, basi zawaka mpaka alfajiri, nyeupe pee! Kwa hiyo sola bila kanuni ya taa ni hasara kwa kasa. Taa iwe chini, ifunikwe upande wa bahari, na rangi yake iwe ya kaharabu au nyekundu. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na paneli.

Mchangiaji wa Langoni

Na hayo matundu ya ndege? Mtafuga kunguru. Shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza 2024 mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, ninyi mwawajengea!

Mleta mada, Langoni

Bwana, kunguru hawa waliotoka India hawajengi tunduni. Hujenga mitini na juu ya nguzo, na kinachowaleta ni taka zetu, ambazo pia ni kazi ya kaunti. Mwanya mwembamba wa popo hawauingii, na popo wadogo wanakula wadudu usiku kucha.

Nikiwasikiliza, napanga upya: taa zitangulie, hata kwa hoteli zilizokwisha jengwa. Kisha hati ya boriti. Sola ifuate, kwa majengo mapya ya biashara. Mji wa Kale usubiri ile kanuni ya pamoja na Makavazi.

Fundi, Wiyoni

Sawa. Afisa wa kaunti anafunga ofisi saa kumi na moja jioni. Taa zinawashwa saa moja. Nani atakagua?

Dada wa Shela

Vikundi vya wavuvi vya BMU viko pwani usiku kucha. Wapewe barua ya kaunti na malipo.